Dakar Ilivyouza Pikipiki Kubwa

Mwishoni mwa miaka ya 1970 kitengo cha pikipiki cha BMW kilikuwa taabani. Wajapani walikuwa wakimimina sokoni mashine zenye kasi na bei nafuu, na injini mpya ya Wajerumani, ile ya K100, haikuwa tayari hadi 1983. Wahandisi wakaamua kupika kwa kilichokuwepo jikoni: injini ya boksa ya cc 800, silinda mbili zilizolala, moja kila upande. (Asiichanganye mtu na Boxer ya bodaboda, ambayo silinda yake ni moja.) Wakaiinulia shokapu, wakapandisha ekzosi juu, wakaweka gurudumu la mbele la inchi 21. Gurudumu la nyuma likashikwa na mkono mmoja tu, na ndani ya mkono huo ikapita shafti badala ya cheni. Uzito ukapungua, na tairi la nyuma likawa rahisi kufungua kama la gari.

Ndiyo R80 G/S, iliyozinduliwa Septemba 1980 ikiwa na nguvu farasi 50. Wakati huo pikipiki ya porini ilikuwa na silinda moja. Yamaha XT500 ndiyo iliyoshinda mbio mbili za mwanzo za jangwani za Paris–Dakar. Mashine nzito ya silinda mbili ilionekana kichekesho.

Kicheko kiliisha upesi. Mbio hizo zilikuwa zimeanza Desemba 1978, zikiandaliwa na Mfaransa Thierry Sabine, aliyewahi kupotea katika jangwa la Libya. Januari 1981, miezi michache tu baada ya uzinduzi, Hubert Auriol akashinda kwa BMW. Akarudia 1983. Mbelgiji Gaston Rahier, mfupi wa kimo juu ya pikipiki ndefu, akashinda 1984 na 1985. Hapo kampuni ikafanya jambo la kijanja: ikauza toleo lenye tenki la lita 32, na sahihi ya Rahier juu yake. Jangwani tenki hilo ni uhai. Kwa mteja wa Ujerumani, mwenye kituo cha mafuta kila baada ya kilomita chache, lilikuwa pambo. Alilinunua hata hivyo, na Yamaha, iliyotangulia na XT600 Ténéré mwaka 1983, ilishajua kwamba atalinunua.

Honda ilianzia upande wa pili. Iliunda kwanza NXR750, mashine ya mbio tupu, ikashinda Dakar nne mfululizo kuanzia 1986 hadi 1989. Katikati ya ushindi huo, mwaka 1988, ikaleta madukani XRV650 Africa Twin. Lakini injini ya Africa Twin haikutoka kwenye NXR; ilikuwa ndugu wa ile ya Transalp, pikipiki ya safari za kawaida. Kilichotoka jangwani ni umbo, taa mbili za mbele na rangi za timu. Kwa maoni ya safu hii, hapo ndipo biashara yote ilipopata kanuni yake, na kanuni hiyo haijabadilika hadi leo.

Baadaye mbio na duka viliachana kabisa. Mwanzoni bado vilikuwa pamoja: KTM ilishinda Dakar 2002 kwa mashine ya silinda mbili ya cc 950, kisha mwaka uliofuata ikauza 950 Adventure. Lakini waandaaji wa mbio, wakitaka kupunguza kasi, wakabana injini. Tangu 2011 pikipiki za Dakar haziruhusiwi kuvuka cc 450. Ricky Brabec alipoirudishia Honda taji mwaka 2020, alikuwa juu ya mashine ya silinda moja ya cc 450, huku Africa Twin ya dukani ikiwa imefika cc 1,100. Ukoo wao ni stika.

Nafasi ya mashujaa wa mbio ilichukuliwa na televisheni. Mwaka 2004 mwigizaji Ewan McGregor na rafiki yake Charley Boorman walizunguka dunia katika Long Way Round. KTM ilikataa kuwapa pikipiki. BMW ikakubali, na matangazo yake yakaingia sebuleni kwa watu bila kuitwa matangazo. Mwaka 2007 wakashuka kutoka Uskoti hadi Cape Town, wakipita Kenya na Tanzania. Sasa sifa haikuwa kushinda, bali kufika na masanduku ya alumini yamejaa vumbi.

Kinachofichua ukweli ni rimu ya mbele. Inchi 21 hupanda mawe na kukata mchanga. Inchi 19 hugeuka vizuri zaidi kwenye lami. BMW R1300GS ya 2023, yenye nguvu farasi 145 na kilo 237, inakuja na 19. Mwaka 2024 Honda nayo iliishusha Africa Twin Adventure Sports kutoka 21 hadi 19. Si kosa, wengi wa wanunuzi huishia kwenye lami. Ila anayepanga kupita njia ya Turkana au Katavi wakati wa mvua aanze na rimu, aende kwenye uzito, kisha aulize shokapu zinacheza milimita ngapi. Rangi aziangalie mwisho.