Ufundi wa Kipimo

Kuanzia steji ya Kawangware 46 hadi soko la Toi, pembeni mwa Kibera, utawakuta vijana wameinamia mikono ya wateja, tupa kiganjani, taa ndogo ya zambarau kando. Wapitao huona urembo tu. Lakini hawa ni mafundi wa polima, na kazi yao inastahili heshima ya fundi.

Itazame kwa karibu. Fundi huukwaruza ukucha kwa tupa, akaufuta kwa spiriti, kisha akapaka jeli. Ndani ya jeli mna molekuli fupi fupi pamoja na dawa inayoamshwa na mwanga. Mkono ukiingia chini ya taa, miali ya nanometa 365 hadi 405 huivunja dawa ile. Vipande vyake hudaka molekuli moja, nayo hudaka ya pili, ya pili ya tatu, mpaka minyororo mirefu, yaani polima, inasukana na jeli inakuwa gamba gumu. Kwa taa nzuri, sekunde 30 hadi 60 zinatosha.

Ustadi wenyewe ni kipimo. Tabaka likiwa nene, mwanga huishia juu na jeli ya chini hubaki mbichi, na ubichi huo ukigusa ngozi waweza kumpa mteja mzio wa maisha. Ndiyo maana fundi hodari hupaka nyembamba, akaikausha, akarudia, huku akiilinda nyama ya pembeni isiguswe. Hata unato unaobaki juu anaujua: oksijeni ya hewani huzuia sehemu ya juu kabisa isikamilike. Huuacha ushike tabaka lijalo, na mwishoni huupangusa.

Maabara nazo zinasaka kipimo. Mwaka 2012, Brett Fors na Craig Hawker wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, walitumia kichocheo chenye iridiamu kurefusha minyororo ya polima taa ikiwaka. Taa ikizimwa, minyororo ilisimama. Ikiwashwa, iliendelea pale ilipoachia, ikiwa na urefu unaokaribiana. Dawa ya jeli ikivunjika imekwisha kazi. Kichocheo kile hurudi katika hali yake kikaanza upya. Watafiti wengine wamevifunga vichocheo vya mwanga kwenye chembe ngumu, ili polima ikiwa tayari vichujwe na kutumika tena, badala ya kupotelea ndani ya bidhaa.

Wanafunzi wa kidato cha nne husoma polima ubaoni, ilhali somo linafanyika nje ya lango. Mwalimu wa kemia na amwalike fundi wa kucha pamoja na taa yake. Apake tone jembamba na tone nene juu ya kioo, ayaangazie sawa, kisha wanafunzi wayachokoe kwa kijiti. Watajionea kwamba mmenyuko wa kemikali huongozwa kwa mwanga, unene na muda, na kwamba anayejua kuuongoza ni jirani yao.