Sanduku Chini ya Kitanda

Life Is Sweet, filamu ya Mike Leigh ya mwaka 1990, husifiwa kama vichekesho. Sawa, inachekesha. Ila mimi kila nikiitazama kinachonibakia kichwani ni ukuta.

Natalie na Nicola ni mapacha wanaoishi na wazazi wao Enfield, kaskazini mwa London. Baba yao, Andy, ni mpishi. Mama, Wendy, hawezi kumaliza sentensi bila kucheka. Natalie ni fundi bomba, binti mtulivu. Nicola hataki chakula cha mezani, na ukimkaribisha unaweza kuitwa bepari. Usiku ukiingia anavuta sanduku lake chini ya kitanda, anabugia chokoleti na vitafunwa vya pakiti, kisha anajitapisha. Upande wa pili wa ukuta Natalie yuko macho. Anasikia yote. Kukicha hasemi neno.

Hivi ukimya ule ni huruma au ni woga? Leigh hatujibu, na mimi namshukuru. Nionavyo, nyumba ile ina lugha mbili tu, mzaha na chakula, na Nicola amezikataa zote mbili. Kwetu mtu akikataa "karibu chakula" mara mbili tatu, watu huanza kuulizana kulikoni. Wendy naye anauliza, lakini kwa utani, na utani haufiki.

Sehemu ya Aubrey, rafiki yao anayefungua mgahawa wenye ini lililopikwa kwa bia, ilinichosha kidogo. Timothy Spall anaigiza kwa kelele mno. Hata hivyo usiku wa ufunguzi, meza zimepangwa na hakuna mteja hata mmoja, unauma kweli.

Halafu kuna chumbani. Wendy anamfuata Nicola, na kwa mara ya kwanza kicheko kinakatika. Anamwambia walivyokaribia kumpoteza alipolazwa hospitali. Alison Steadman hapandishi sauti kutafuta machozi yetu. Anaongea kama mama aliyechoka. Uso wa Jane Horrocks, uliojaa dharau tangu mwanzo, unavunjika taratibu. Jamani, ile ni kazi.

Mwishoni mapacha wamekaa bustanini. Natalie anamwambia kwamba huwa anamsikia usiku, na kwamba pengine wazazi waambiwe. Hamsukumi. Anamuuliza tu kama anahitaji pesa. Nicola anasema ndiyo, asante.