Shairi Lililokatika au Lililokatwa? Wahariri wa "Hero and Leander"

Christopher Marlowe aliuawa Deptford mwezi Mei 1593. Shairi lake "Hero and Leander", lenye mistari 818, lilitolewa na Edward Blount mnamo 1598 likiwa na maneno mawili ya Kilatini mwishoni, yenye maana kwamba kuna sehemu zilizopungua. Wahakiki wengi huyasoma kana kwamba ni ya Marlowe. Mswada wake haukusalia. Tulicho nacho ni kauli ya mchapishaji, ambaye pia katika tabaruku yake aliliita shairi hilo tanzia isiyokamilika.

Mwaka uo huo Paul Linley alitoa toleo jingine lenye mwendelezo wa George Chapman. Mjadala kuhusu toleo hilo huishia kwenye swali la nani alikuwa mshairi bora, swali lisilo na tija. Lililo zito ni yale yaliyotendewa mistari ya Marlowe yenyewe. Masimulizi yaliyotiririka bila kituo yalikatwa baada ya mstari wa 484, kila sehemu ikaitwa "Sestiad" kwa kuiga "Iliad", na ikatanguliwa na muhtasari wa kishairi wa Chapman. Mkato huo uliangukia mwisho wa kisa cha Mercury, hivyo mzaha wa kando kuhusu ufukara wa wasomi (ambao msomi yeyote huusoma kwa uchungu fulani) ukapata uzito wa hitimisho. Kisha, katika sehemu ya tatu, mungu wa kike Ceremony anamkaripia Leander kwa kupuuza ada za ndoa. Usiku ambao Marlowe aliusimulia kwa ucheshi unageuka kosa, na kifo kinachofuata kinaanza kusomwa kama malipo.

Yaweza kujibiwa kwamba Marlowe mwenyewe anataja damu ya wapenzi tangu mstari wa kwanza. Ni kweli, lakini kukitaja kifo ambacho wasomaji wa Musaeus walikwisha kukijua si kuahidi kukisimulia. Shairi linakoma alfajiri, Hero akiwa ameona haya, na kukoma huko kunatosheleza.

Kwa hiyo mhariri anayemwondoa Chapman huku akibakiza mgawanyo wa "Sestiad" hajamrudisha Marlowe. Mistari yote 818 yafaa ichapwe mfululizo, na Kilatini cha Blount kiwekwe katika maelezo, chini ya jina la Blount.