Vipande vitatu havitoshi kupigia kwaya

Mwanafunzi wangu mmoja alifaulu mtihani wa piano wa daraja la 5. Jumapili iliyofuata akaombwa apige kinanda kanisani kwao, maana mpigaji alikuwa safarini. Mwanakwaya akaanzisha wimbo bila kumngoja, tena chini ya ufunguo ulioandikwa kitabuni. Kijana akakaa mikono magotini hadi ubeti wa mwisho.

Vidole alikuwa navyo. Tatizo ni kwamba mwaka mzima alikuwa amekariri vipande vitatu vya mtihani, basi. Tukaanza upya, na hivi ndivyo tulivyofanya.

Kwanza tulirudi kwenye solfa, ile iliyoenezwa na John Curwen wa Uingereza katika karne ya 19 na ambayo wanakwaya wetu wengi huisoma. Uzuri wake ni kuwa Do huhama. Tulichukua kordi tatu tu: ya Do, ya Fa na ya So. Mkono wa kulia ukishika do-mi-so, kwenda Fa gumba halisogei: do inabaki, mi inapanda fa, so inapanda la. Kwenda So, kidole cha mwisho ndicho kinachobaki: do inashuka ti, mi inashuka re. Kazi iko kati ya Fa na So, kwani hazina noti ya pamoja. Hapo besi ya kushoto hupanda kutoka fa hadi so, na kulia hushuka: do-fa-la inakuwa ti-re-so. Mikono ikipanda pamoja, sauti hukwaruza masikioni.

Pili, wimbo uleule ulipigwa katika ufunguo mpya kila wiki: F, kisha G, kisha D. Kile kitufe cha kinanda cha umeme kinachohamisha ufunguo tulikipiga marufuku. Piano ya kawaida haina kitufe hicho.

Tatu, tulichagua vipande vinavyofundisha kazi hiyohiyo. Katika albamu ya vijana aliyoitunga Robert Schumann mwaka 1848, kipande cha 4 ni wimbo wa kanisa wa sauti nne. Kijana alipiga besi peke yake huku akiimba sauti ya kwanza, kisha akabadilisha.

Mwisho, alijifunza kupigia watu. Utangulizi ulikuwa mstari wa mwisho wa wimbo, ili kwaya ipate ufunguo na mwendo kwa pamoja. Kila mwisho wa mstari aliinua mikono na kuvuta pumzi pamoja nao. Akikosea noti, alisonga mbele. Kwaya hairudi nyuma kumfuata mpigaji.

Mwalimu mwenzangu, usiache vipande vya mtihani, lakini katika kila saa ya mazoezi tenga dakika 15 za wimbo mmoja ambao watu wa kwenu wanauimba. Mwanafunzi aupige katika funguo tatu kabla hujampa mwingine.