Anayepanga bili yako ni nyoka

Tuseme uko Kileo, huku tambarare chini ya Milima ya Pare. Giza limeingia, umekanyaga kifutu njiani na mguu umeanza kuvimba. Kabla ya dawa yoyote unatafuta hela ya bodaboda hadi barabara kuu, halafu gari la kukufikisha Mawenzi au KCMC, Moshi.

Sasa ngoja nikuambie jambo moja kuhusu dawa ya sumu ya nyoka. Farasi huchomwa sindano za sumu kidogo kidogo mpaka mwili wake utengeneze kingamwili, nazo huchujwa kutoka kwenye damu yake. Kazi yake ni kukamata sumu, kwa hiyo kipimo hakifuati uzito wa mgonjwa. Nyoka hapunguzi sumu eti kwa sababu anayemuuma ni mtoto. Mwanafunzi wa darasa la kwanza atahitaji vichupa sawa na baba yake, na kwa kifutu vinaweza kufika vitano, kumi, hata zaidi. Na huyo mtoto ameshavuka miaka mitano, ule umri wa kutibiwa bure kwa mujibu wa sera. Ukichelewa, dawa haifufui nyama iliyokwisha kufa.

Sasa weka bei kwenye kila kichupa, uone.

Hapo ndipo ninapokosana na mjadala wetu wa bei. Kitita kipya cha NHIF kilipoanza tarehe 1 Machi 2024, hospitali binafsi nyingi zilisitisha kuwahudumia wanachama wake. Ugomvi ulikuwa huduma ipi ilipwe shilingi ngapi. Sawa, hospitali haiendeshwi kwa hewa. Lakini mgonjwa wa dharura hayuko dukani, hawezi kuzunguka akilinganisha bei. Isitoshe, gharama kubwa ya dharura ni utayari wenyewe: mhudumu wa zamu ya usiku, na friji yenye dawa ambayo huenda ikaisha muda bila kuguswa. Kituo kidogo kinachotegemea mauzo ya vichupa kitapiga hesabu na kuacha kuvinunua. Nani atakilaumu?

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 naiunga mkono. Ila kadi hulipia huduma uliyopewa. Kichupa ambacho hakikuwepo hakina risiti.

Na tusidanganyane kwamba njia nyingine haiwezekani, kwani tunayo tayari. Kwenye m-mama, mjamzito mwenye dharura anapigiwa simu namba 115. Gari la wagonjwa lisipopatikana, anatumwa dereva wa jamii aliyesajiliwa, naye analipwa kwa simu. Mama haulizwi nauli. Kwa nini aliyeng'atwa na nyoka, au aliyegongwa na bodaboda, aulizwe?

Ukipita kwenye kituo cha afya cha karibu nawe, uliza vichupa vya dawa ya sumu ya nyoka viko vingapi kwenye friji, na vinaisha muda lini.