Mwili na Akili ya Mtoto: Juu ya Maandiko ya Geber na ya Super

Wandugu, katika filozofia twafundishwa kwamba roho ni umbo la mwili, na Mtaguso wa Vienne wa miaka 1311-1312 ulilitia neno hili katika mafundisho ya Kanisa. Siku ya mtihani twalisema vizuri. Lakini tukitoka darasani twasema kama wafuasi wa Plato: mwili ni wa shamba na wa mpira, akili ni ya shule. Ndiyo maana nataka kuchungua maandiko mawili yaliyofanywa upande wa mashariki yetu.

La kwanza ni la Marcelle Geber, Mfaransa, aliyepima watoto wa Kampala pamoja na munganga R. F. A. Dean. Mwaka 1957 walitangaza katika The Lancet, gazeti la waganga, kwamba watoto wa Uganda, wazaliwapo tu, wamekwisha kuwatangulia watoto wa Ulaya. Wengi walifurahi. Mimi sifurahi. Kwani miaka ile ile, mwaka 1953, munganga J. C. Carothers wa Kenya aliandika, kwa ajili ya Shirika la Afya la Dunia, kwamba Mwafrika aliyekomaa hatumii sawasawa sehemu ya mbele ya ubongo wake. Ukiyaweka maneno haya mawili pamoja, wapata mtoto anayewahi na mtu mzima anayesimama njiani. Sifa ya kwanza inalisha tukano la pili. Hata leo utasikia mtu wa kwetu akisema: « Watoto wetu wanaamka mbio, kisha wanalala. »

Ni haki kumsemea Geber: yeye mwenyewe aliona kwamba watoto waliolelewa kizungu hawakutangulia hivyo, akasifu malezi ya mama. Lakini neno lake juu ya watoto wa siku chache lilifungua mlango wa kusema kwamba ni damu. Mwaka 1972 Neil Warren alizipima hoja hizo upya, akaona hazitoshi.

Andiko la pili ni la Mmarekani Charles Super, aliyekaa Kokwet kwa Wakipsigis wa Kenya, akatangaza kazi yake mwaka 1976. Hapa kuna faida kubwa, kwa sababu aliuliza swali ambalo nyanya yeyote angaliliuliza: mama anamfanya nini mtoto? Wamama wa Kokwet humfundisha mtoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na lugha yao ina maneno ya mafundisho hayo. Watoto wao hukaa na kutembea karibu mwezi mmoja mbele ya wale wa Marekani. Lakini katika kutambaa hawatangulii, na kujigeuza wakiwa wamelala wanachelewa, maana hawalazwi chini mara nyingi. Kama ingekuwa damu, wangalitangulia katika yote. Tena kwa Wateso, ambako wamama hufundisha kutambaa, watoto hutambaa mapema.

Mtu atauliza: je, mtoto anayebebwa mgongoni mchana kutwa hajanyimwa mwendo? Swali ni la maana. Mwaka 1963 Held na Hein walifunga paka wadogo wawili wawili katika chombo kinachozunguka: mmoja alitembea, mwenzake alichukuliwa katika kikapu. Wote waliona vitu vilevile, lakini yule wa kikapu hakujua kutambua shimo mbele ya miguu yake, mpaka alipoachiwa kutembea. Basi mgongo wa mama ni kikapu? Hapana. Mtazame mama wa hapa Rugenge akitoka ziwani na beseni la ndagala kichwani, mtoto amefungwa kwa kikwembe. Mama akiinama, mtoto hushikilia. Akigeuka, shingo ya mtoto yafanya kazi. Kikapu hakidai kitu.

Twaja kwa mashini. Mwaka 2025 Roma ilitoa andiko Antiqua et nova, linalosema kwamba akili ya mtu hukua kwa mambo anayoyapata mwilini na kati ya watu, na kwamba kujifunza kwa mashini ni kwa namna nyingine. Ni kweli. Lakini wenzetu wengine walitumia kama kufuli: mashini haina mwili, maneno yamekwisha. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwishoni mwa miaka ya 1980 Rodney Brooks wa MIT alijenga Genghis, mashini ndogo ya miguu sita iliyotembea juu ya vikwazo bila kuwa na ramani ya dunia ndani yake. Kesho zikipewa zote mikono na miguu, tutajibu nini? Jibu liko Kokwet. Mtoto hana viungo tu: akianguka anaumia, ana njaa, anamtaka mama yake, na mama anataka akae. Genghis ikianguka, hakuna aliyeumia. Mtakatifu Toma, katika Summa, alifunga akili njema na hisi njema ya kugusa. Hapo ndipo hoja yetu ingepaswa kuanza.

Juu ya Super nina neno moja la kumlaumu. Kitako na miguu si akili bado, na andiko la 1976 halituvushi kutoka huku kwenda kule. Anayetaka kusema kwamba atembeaye mapema atajua katekisimu mapema hatapata msaada humo. Baadaye, pamoja na Sara Harkness, alijaribu njia nyingine: waliwauliza wazazi wa Kokwet mtoto mwenye akili ni nani. Wakaambiwa kwamba akili ya shule ni moja, na akili ya nyumbani ni nyingine, ile ya mtoto anayeona kazi na kuifanya asipotumwa; na aliye na moja si lazima awe na ya pili.