Wheeler Dealers: kipindi kinachofufua magari na kusahau mikono

Wengi wetu tunakijua kile kipindi cha Wheeler Dealers, ambacho kwa Kifaransa kinapita kwa jina la Occasions à saisir. Mike Brewer ananunua gari ya zamani iliyochoka. Edd China, ule mrefu mwenye glavu za rangi ya chungwa, anaitengeneza ndani ya garaji. Halafu Mike anaiuza. Mwishoni inakuja hesabu: tulinunua kwa hii, piesi zilikula hii, tumeuza kwa hii, faida ni hii. Wanapeana mkono, basi.

Kilianza mwaka 2003, na mimi nimekitazama tangu sekondari. Ninakipenda, na niseme wazi kwamba kimenifundisha. Lakini tangu mwaka jana siwezi tena kuitazama ile hesabu ya mwisho vizuri. Kuna kitu kinakosekana ndani, na mtu aliyenionyesha hajawahi kukaa chuoni hata siku moja.

Babu yetu aliacha Volkswagen Coccinelle 1300. Ilikaa chini ya muembe nyuma ya nyumba, hapa Lubumbashi, miaka kumi na tisa. Kuku walikuwa wanataga ndani. Mjomba alisema tuitengeneze, itembee tena. Akamwita Papa fundi, mzee wa mtaa aliyekuwa anashika gari za namna hii tangu ujana wake. Mimi, kwa sababu nimesoma ekonomi, nikapewa daftari la hesabu. Na kwa sababu nilikuwa nimetazama kipindi miaka yote ile, nilijiona hata mimi ni nusu ya fundi.

Hapa lazima nikisifu kipindi. Sehemu zake za garaji ni kati ya mafundisho mazuri niliyowahi kuona kwenye televisheni. Edd China haanzi na kufungua bolti. Anaanza kukueleza kile kitu kinafanya kazi gani, kimeharibika namna gani, halafu ndiyo anafungua. Ukitoka pale unajua sababu, si jina la piesi tu. Walimu wangu wengi hawakufika pale.

Na mengi niliyojifunza yalikuwa ya kweli. Kwa mfano, mtu asiyejua, mbele ya gari iliyosimama miaka, anakimbilia motere. Anataka isikike ikiunguruma, apige video. Lakini motere ikikataa, utabaki tu pale ulipo. Freni zikikataa, utaua mutu. Coccinelle yetu ina freni za ngoma, na silinda ndogo za magurudumu yote manne zilikuwa zimekamata kutu. Mafuta ya freni yanavuta unyevu wa hewani, na ule unyevu ndio unaokula chuma polepole gari ikiwa imelala. Mirija ya mpira nayo inadanganya: kwa nje inaonekana nzima, kwa ndani imevimba. Ukikanyaga, mafuta yanapita. Ukiachia, hayarudi, na gurudumu linabaki limeshikwa.

Tuliondoa kiti cha nyuma. Batri ya Coccinelle inakaa chini yake, upande wa kuume, na asidi ilikuwa imekula sakafu kabisa. Nilipitisha mkono mzima, nikagusa udongo. Tukaita mtu wa kulehemu. Tukashusha tanki la esansi, ambalo liko mbele, chini ya boneti. Esansi ya zamani ilikuwa imegeuka kama vanishi. Mipira yote ya esansi tukabadilisha, maana inafika mpaka kwenye motere ya moto, na mpira mmoja uliopasuka pale unatosha kuchoma gari.

Motere ikaja mwisho. Iko nyuma, haina radiateri, inapozwa na hewa, na bolti nne ndizo zinaishika kwenye sanduku la vitesi. Papa fundi alikataa kabisa kuipiga stati. Kwanza alitia mafuta kidogo ndani ya silinda, akangoja, halafu akaizungusha polepole kwa ufunguo, kwa mkono. Akarekebisha valvu zote nane, motere ikiwa baridi, nafasi ya milimita 0.15. Akaniuliza bati za kuzunguka motere ziko wapi, maana mbili zilikosekana. Nilidhani ni mapambo. Akanieleza kwamba ndizo zinaongoza upepo wa feni upite kwenye silinda, na aliyezitupa ndiye alikuwa ameanza kuua motere zamani sana. Akakata nyingine mbili kutoka kwenye bati la kawaida, akazikunja kwa nyundo, zikaingia.

Ile kazi ya bati mbili ilikula Jumamosi nzima. Kwenye kipindi ingekula dakika tatu na muziki.

Siko nalaumu hilo. Televisheni haiwezi kutuonyesha mtu akipiga nyundo siku nzima. Kufupisha muda ni kazi yake. Shida inaanza pale muda uliofupishwa kwenye picha unapofutwa kwenye hesabu pia. Hayo ni mambo mawili tofauti, na kipindi kinayachanganya bila kusema.

Itazame hesabu yao vizuri. Bei ya kununua imo. Piesi zimo. Wakipeleka kitu kwa mtu wa nje, tuseme wa kupaka rangi, pesa yake imo. Lakini saa za Edd China hazimo. Mikono ya nje inaandikwa, mikono ya ndani hapana. Na si kwamba hawajui bei ya mikono. Mara nyingi Edd mwenyewe anakuambia: ukipeleka kazi hii garaji watakuomba kiasi fulani, mimi nitaifanya kwa bei ya piesi tu. Yaani ile akiba inatoka kwenye mikono yake, anaisema kwa mdomo, na dakika chache baadaye inaitwa faida.

Mimi nilifanya vilevile bila kujua. Siku gari ilipotembea mara ya kwanza mpaka barabara ya lami na kurudi, na kusimama sawa kila tulipokanyaga, nilichukua karatasi safi nikaandika hesabu kwa ajili ya familia. Mipira minne ya magurudumu, iliyotumika lakini mizuri, dola 120. Piesi za freni, zilizopitia Kasumbalesa, 140. Kulehemu na bati, 85. Batri, 70. Mipira ya esansi na vichungi, 18. Mafuta na vitu vidogo, 27. Jumla dola 460. Nikapiga mstari chini mara mbili, kama tulivyofundishwa.

Papa fundi aliomba aione. Alisoma polepole, na kidole.

"Mutoto wangu, mikono iko wapi humu?"

"Mikono gani, Papa?"

"Ule wa kulehemu, umemuandika. Bale ba Kasumbalesa, umebaandika. Miye niko wapi?"

Nilitaka kumjibu kwamba alikula kwetu kila Jumamosi, na mjomba alimpa ya maji na ya tiketi. Maneno yalinishinda, sababu yeye hakuuliza kwa hasira. Aliuliza kama mtu anayetafuta kosa la kujumlisha.

Alikuwa amekuja Jumamosi kumi na saba. Tukakubaliana dola 10 kwa siku, bei ambayo mwenyewe alisema ni ya ndugu. Hiyo ni 170. Jumla mpya, 630. Wiki ileile mtu mmoja alikuwa ameona gari barabarani akatoa 600. Kwa karatasi yangu ya kwanza, tungepata faida ya 140. Kwa karatasi ya pili, tungepoteza 30. Gari ileile, bei ileile, tofauti ni mstari mmoja. Ile "faida" yote ilikuwa ya Papa fundi, na mimi mwenye diploma ya kuhesabu ndiye niliyeifuta.

Nilipompelekea mjomba karatasi ya pili, alikaa kimya, halafu akasema: "Kama tulijua ni vile, tungeacha ile gari ku muembe." Neno hili limenisumbua kuliko yote, kwa sababu nafikiri ni kweli. Coccinelle ya babu iliokoka kwa kuwa kuna mtu mmoja ambaye hatukumhesabu. Tungemhesabu tangu mwanzo, pengine tungekuwa waaminifu, na kuku wangeendelea kutaga.

Ndiyo maana kilichotokea kwenye kipindi mwaka 2017 hakikunishangaza nilipokisoma tena. Mwezi wa Machi mwaka ule, Edd China alitangaza kwa video kwamba anaondoka. Alieleza kwamba Velocity, televisheni ya Marekani iliyokuwa imeshika uzalishaji wa kipindi, iliona zile sehemu za garaji ni ngumu mno kutengeneza, na ilitaka zipunguzwe. Yeye aliona kwamba kufanya hivyo ni kuharibu kazi yake, akatoka. Baada yake alikuja Ant Anstead, baadaye Marc Priestley, na kipindi kiliendelea.

Watazamaji wengi walikasirika, mimi pamoja nao. Lakini tukifikiri sawasawa, onyo lilikuwa kwenye skrini miaka yote. Kama kwenye hesabu yako kazi ya garaji ina bei ya sifuri, iko siku mtu wa ofisi atauliza: kwa nini kitu cha sifuri kinakula muda mwingi namna hii? Kilichokuwa roho ya kipindi hakikuwa na mstari wake kwenye karatasi, na kitu kisicho na mstari ndicho kinakatwa kwanza.

Najua mtu atanijibu. Atasema Edd alikuwa analipwa na televisheni, hakuwa anaibiwa. Sawa. Atasema pia kwamba kipindi kinamlenga mtu anayetengeneza gari yake mwenyewe, na mtu hajilipi mshahara. Hilo nalo nalisikia. Lakini kama ni raha ya Jumamosi, basi iitwe raha, isiitwe faida. Ukiita faida, umeingia kwenye biashara, na kwenye biashara saa za mtu ni gharama. Kijana wa hapa kwetu anayetazama, mwenye dola mia tano za kukopa na rafiki mmoja fundi, anaamini ile hesabu. Ataanza na urafiki, atamaliza na palaver.

Na sisi wenyewe wa chama hiki tusijifanye tuko mbali. Ni wangapi kati yetu wamefanya staji ya mwaka mzima, wakaandika ripoti, wakatengeneza faili za ofisi nzima, na mwishoni wakaambiwa "umepata uzoefu"? Tunalalamika, na tuna haki. Lakini siku tunapopewa daftari sisi, siku tunapokuwa upande wa kuandika, tunaandika nini? Mimi jibu langu nimeshawaambia. Niliandika batri kabla ya mtu.

Kwa hiyo, kitazameni kile kipindi, hasa vipindi vya Edd China. Mtaelewa freni, mtaelewa motere, na mtaheshimu zaidi mtu yeyote mwenye mikono ya mafuta. Lakini shikeni kalamu. Kila mnapomuona ndani ya garaji, kadirieni siku, ziwekeeni bei, na hesabu ikifika toeni ile jumla yenu kwenye faida. Mtaona magari mangapi yanabaki na faida kweli.

Coccinelle hatukuiuza. Mjomba anaenda nayo sokoni, na kila baada ya kilomita 5,000 Papa fundi anamwaga mafuta, lita mbili na nusu, na kurekebisha valvu. Safari hii analipwa siku ileile. Za zamani amepokea dola 85, zimebaki 85. Nimeziandika kwenye karatasi ya pili, na karatasi iko ndani ya gari, pamoja na vitambulisho vyake.